Nyongo, Safura na Mgunda: Habari za Majina ya Homa Katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Katika pwani ya Kilwa na Lindi, mtu akishikwa na homa, akatapika maji machungu ya rangi ya majani, na macho yake yakaanza kugeuka manjano, watu wa nyumbani huutafutia ugonjwa wake jina kabla ya kuutafutia dawa. Jina likipatikana, dawa hufuata. Kwa kuwa kila jina lina dawa yake iliyozoeleka, na kila jina humwelekeza mgonjwa kwenye mlango wake: wa mganga, wa mwalimu wa chuo, wa duka la dawa, au wa hospitali. Kwa hiyo habari za majina ya homa si jambo la makamusi peke yake. Jina likikosea, siku hupita, na katika ugonjwa wa ini siku mbili au tatu zaweza kuwa ndizo zinazotenga uzima na mauti. Makala haya yanaeleza jinsi majina hayo yalivyopatikana, yalichoonyesha na yalichoficha.

Yafaa kuanza na mwili wenyewe. Maneno ini na nyongo ni ya asili ya Kibantu, nayo yapo, kwa sura mbalimbali, katika lugha nyingi za jamaa hiyo. Wenyeji waliyajua maini na nyongo kwa kuchinja wanyama: walijua kwamba nyongo ni kifuko kidogo kilichoshikamana na ini, na kwamba mchinjaji asiyekuwa mwangalifu akikipasua huiharibu nyama yote. Hapana shaka ndiyo sababu ya watu kusema kwamba mambo yametumbukia nyongo, maana yake yameharibika. Hali kadhalika neno la kuumiza moyo husemwa kuwa linakata maini. Basi mgonjwa anayetapika nyongo alionekana tangu zamani kuwa mtu ambaye ndani yake pameharibika jambo kubwa, na maoni hayo hayakuwa mabaya hata kidogo.

Lakini neno homa lenyewe ni la Kiarabu, na pamoja nalo likaja neno safura. Katika utabibu ulioandikwa na Waarabu na Waajemi, ambao mzizi wake ni elimu ya Wayunani wa kale, mwili uliaminiwa kuwa na maji ya namna nne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Nyongo ya manjano ndiyo iliyoitwa safra, yaani ile yenye rangi ya manjano. Ikizidi, mtu hupata homa, uchungu wa kinywa, matapishi na umanjano wa macho. Neno hilo lilipokaa pwani lilibadilika maana. Wengi wanaposema safura leo wanakusudia ule ugonjwa wa minyoo inayonyonya damu tumboni, ambao humfanya mtu apauke, avimbe na kuchoka. Jambo hili lina maana kubwa: jina moja lilibeba upaukaji wa mtu aliyepungukiwa damu na umanjano wa mtu aliyeharibika ini, ingawa visababu vyake havina uhusiano wowote.

Dawa zilizofuata majina hayo zilikuwa nyingi. Habari za maradhi na uganga wa pwani zimo katika kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichochapishwa na Carl Velten mwaka wa 1903, na ambacho sehemu kubwa yake ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Kwa jumla, mgonjwa wa homa aliumikwa damu kwa chuku, akafukizwa kwa nyungu ya majani yaliyochemshwa, akanyweshwa kombe, yaani aya zilizoandikwa sahanini kwa zafarani na kuoshwa kwa maji au marashi. Baadaye mwarobaini, mti uliotoka Bara Hindi, ulienea katika nyua za pwani, na jina lake linatangaza kwamba hutibu maradhi arobaini. Haifai kuyacheka mambo haya. Kombe lilimtuliza mgonjwa na kumfanya anywe maji, na kunywa maji kulikuwa ni sehemu ya tiba. Lakini kumtoa damu mtu aliyekwisha kupungukiwa, au kumfunika kwa mvuke mtu aliyekwisha kutapika maji yote ya mwilini, kulimwongezea udhaifu.

Pamoja na majina yaliyotazama mwili, palikuwa na jina lililotazama mahali. Mkunguru ni homa impatayo mgeni katika nchi asiyoizoea. Aliyetoka bara akashuka Kilwa, au aliyetoka Kilwa akaenda kukaa nchi nyingine, alitazamiwa kuugua mkunguru kabla ya mwili wake kupatana na nchi. Elimu ya sasa yaweza kueleza jambo hilo: mtu aliyekulia penye malaria nyingi hupata kinga kidogo kidogo, na asiyekulia huko huugua sana. Wenyeji hawakumjua mdudu wa malaria, lakini waliona kwamba ugonjwa una uhusiano na mahali mtu alipofika. Fikira hiyo ni yenye thamani, na msomaji ataiona tena mbele.

Katika Februari ya mwaka wa 1859, Richard Burton na John Hanning Speke, waliokuwa wamerudi kutoka maziwa makuu, walifika Kilwa wakaukuta mji umeshikwa na kipindupindu. Burton aliyaandika aliyoyaona huko katika kitabu chake juu ya Zanzibar kilichotoka mwaka wa 1872. Jina kipindupindu huhusishwa na kitenzi pindua, nalo laeleza jinsi mgonjwa anavyopinduka kwa mishituko ya misuli. Hapa tena jina lilitazama mwili na halikusema lolote juu ya maji ya visima, ambayo ndiyo yaliyoeneza ugonjwa. Watu walijua vema sura ya kifo hicho, wala hawakujua kilipoingilia.

Wazungu nao hawakuwa na macho makali zaidi. Matabibu wao waliizungumzia homa ya nyongo kwa karne nyingi, kwa kuwa na wao walisoma vitabu vya Wayunani wale wale. Walipokuja Wajerumani, homa iliyowatisha kuliko zote ilikuwa homa ya mkojo mweusi: mtu hushikwa na baridi kali, hutapika nyongo, huwa manjano mwili mzima, na mkojo wake hutoka mweusi kama kahawa. Robert Koch, aliyekuwa mashuhuri kwa kumgundua mdudu wa kifua kikuu, aliichunguza Dar es Salaam katika mwaka wa 1897 na 1898, akasema kwamba kwini ndiyo iletayo ugonjwa huo. Wengine walimpinga vikali wakasema ni malaria yenyewe. Ukweli ulikuwa katikati: ugonjwa uliwapata hasa watu walioguswa na malaria mara nyingi na ambao walimeza kwini bila ya utaratibu. Umanjano wao ulitokana na chembe za damu kuvunjika kwa wingi, wala haukuanzia katika ini. Ugonjwa huo ulipungua sana baada ya klorokwini kuchukua nafasi ya kwini katikati ya karne ya 20.

Vita vya kwanza vya dunia viliifanya nchi hii kuwa uwanja wa majaribio ya kusikitisha. Majeshi ya Waingereza yaliteremka Kilwa na Lindi mnamo Septemba 1916, na mwaka uliofuata, kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba, mapigano makali yalitokea Mahiwa, katika njia itokayo Lindi kwenda Masasi. Lakini homa, kuhara na njaa viliua watu wengi kuliko risasi, na waliokufa zaidi ni wapagazi. Upande wa Wajerumani, kwini ilipopungua, askari walinyweshwa maji machungu yaliyochemshwa kwa magome ya mkwinini, nao wakayaita kwa mzaha Lettow-Schnaps, kwa jina la jemadari wao. Wapagazi waliolala katika matope ya mabonde waliandikwa kuwa wamekufa kwa homa tu. Ilikuwa homa gani, hapakuwa na mtu wa kuuliza.

Wakati huo huo, mbali na Afrika, fundo la maradhi ya umanjano lilikuwa linafunguliwa. Adolf Weil wa Heidelberg alikuwa ameeleza katika mwaka wa 1886 ugonjwa wa homa, umanjano na kuharibika mafigo. Katika mwaka wa 1915 Ryokichi Inada na Yutaka Ido wa Japani walimwona mdudu wake, mwembamba mfano wa uzi uliosokotwa, ambaye baadaye aliitwa leptospira. Hata hivyo jina la rangi liliendelea kupoteza watu. Hideyo Noguchi, bingwa mwingine wa Japani, alikwenda Guayaquil katika Ecuador mwaka wa 1918 kuchunguza homa ya manjano, akamwona leptospira kwa wagonjwa waliokuwa manjano, akatangaza kwamba ndiye mwenye kuleta homa ya manjano. Alikosea: alichanganya maradhi mawili kwa sababu rangi yake ni moja. Noguchi alikufa Accra mwaka wa 1928 kwa homa ya manjano yenyewe, alipokuwa anajaribu kuyahakikisha maneno yake.

Kosa la Noguchi ni kosa la kila siku katika Kiswahili. Manjano ni kiungo cha mchuzi, na kutoka kwake tumepata jina la rangi. Homa ya manjano kwa madaktari ni ugonjwa mmoja tu, uletwao na virusi vinavyochukuliwa na mbu. Lakini kwa watu wengi ni homa yoyote yenye kugeuza macho rangi. Shirika la Afya Duniani huihesabu Tanzania kuwa nchi ambayo hatari ya homa ya manjano hiyo ya mbu ni ndogo. Kwa hiyo mtu wa Kilwa au Lindi aambiwaye kwamba ana homa ya manjano yamkini ana ugonjwa mwingine kabisa, na hilo jina huifunga njia ya kuutafuta.

Nchi ya kusini imewahi kuipa dunia jina la homa. Katika mwaka wa 1952 na 1953 ulizuka ugonjwa katika uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala, katika Jimbo la Kusini la wakati ule. Habari zake ziliandikwa na Marion Robinson na W. H. R. Lumsden katika mwaka wa 1955, na jina lililochukuliwa likawa chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, kwa jinsi mgonjwa anavyopindwa na maumivu ya viungo. Leo neno hilo husomwa katika vitabu vya utabibu vya dunia nzima. Ni jina zuri kwa kuwa ni la ugonjwa mmoja, ambao maabara imeutenga na mingine. Lakini nalo, kama kipindupindu, laeleza umbo la mgonjwa, wala halisemi kitu juu ya mbu.

Baada ya uhuru, jina moja lilikuja kuyameza mengine yote, nalo ni malaria. Haikuwa ajabu, kwa kuwa malaria ilikuwa nyingi kwelikweli, na katika mikoa ya Lindi na Mtwara ingali nyingi. Klorokwini iliachwa mwaka wa 2001 kwa kuwa wadudu walikwisha kuizoea, na dawa mseto ikashika nafasi mwishoni mwa mwaka wa 2006. Lakini wakati wote huo mtu mwenye homa aliandikiwa malaria hata kabla ya kutazamwa damu. Uchunguzi uliofanywa Moshi katika mwaka wa 2007 na 2008 ulionyesha hatari yake. Katika wagonjwa wa homa 870 waliolazwa, 528 walidhaniwa na madaktari kuwa na malaria. Vipimo vilipofanywa, waliokuwa nayo walikuwa 14 tu. Moshi si Lindi, maana huko malaria ni chache. Walakini somo ni moja. Waliobaki walikuwa na maradhi mengine, na miongoni mwake ulikuwamo ugonjwa wa leptospira.

Mnamo Julai 2022 somo hilo lilifika Lindi. Katika wilaya ya Ruangwa walitokea wagonjwa wenye homa, kuumwa kichwa, uchovu mkubwa na kutokwa damu puani. Magazeti yaliuita ugonjwa wa ajabu, na hofu ikaenea. Serikali ilituma wataalamu, na vipimo vikaonyesha kwamba haukuwa Ebola, wala Marburg, wala UVIKO-19. Tarehe 18 Julai Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza kwamba ugonjwa ule ni homa ya mgunda, na kwamba wagonjwa walikuwa 20 na waliokufa 3. Homa ya mgunda ndiyo leptospira ya Inada na Ido. Wala haukuwa ugonjwa mgeni nchini: wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, walikuwa wamekwisha kumchunguza mdudu huyo kwa miaka mingi, na aina yake moja imepewa jina la Sokoine.

Jina mgunda lastahili kutazamwa. Katika Kiyao mgunda ni shamba. Wakikuyu husema mũgũnda, na katika Kichewa ni munda. Ni neno la kale la Kibantu, nalo limo hata katika Mgunda Mkali, ile nyika ambayo misafara ya zamani iliivuka ikienda Tabora. Wajerumani nao waliuita ugonjwa huo homa ya shamba na homa ya matope. Tofauti yake na majina yaliyotangulia ni dhahiri. Jina hili halisemi mgonjwa ana rangi gani wala amejikunja vipi. Lasema alikuwa wapi. Mdudu wa mgunda hukaa katika mafigo ya panya, ng'ombe, mbwa na nguruwe, hutoka kwa mkojo, na huishi katika maji yaliyotuama na udongo wenye unyevu. Humwingia mtu kwa mchubuko wa mguu, kwa macho au kwa kinywa. Mkulima wa mpunga, mwindaji, mchinjaji na mtoto achezaye dimbwini wote wamo hatarini. Homa hutokea aghalabu baada ya siku 5 hadi 14, pamoja na kutapika na maumivu ya misuli, hasa ya mashavu ya miguu. Wengi hupona, lakini kwa baadhi yao ini na mafigo hushikwa, macho huwa manjano, na damu hutoka. Doksisaiklini au penisilini huwaokoa wengi zikitolewa mapema.

Jina jipya zaidi ni homa ya ini, litumiwalo sasa kwa uvimbe wa ini uletwao na virusi. Limeenea katika matangazo ya afya, nalo limewafundisha watu wengi kwamba ini laweza kuugua. Lakini lina kasoro. Virusi vya namna ya A na E huingia kwa chakula na maji machafu, na mara nyingi huleta homa na kutapika. Virusi vya B na C huingia kwa damu, na vya B pia kwa kujamiiana na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Navyo vyaweza kukaa katika ini miaka mingi bila ya homa yoyote, hadi ini likakakamaa au likaota saratani. Mtu asiyekuwa na homa, akisikia habari za homa ya ini, hudhani hazimhusu. Chanjo ya namna ya B imetolewa kwa watoto wachanga wa Tanzania tangu mwaka wa 2002. Lakini waliozaliwa kabla ya hapo hawakuipata utotoni, na hao ndio ambao jina huwapumbaza.

Katika habari zote hizi utunzaji wa mgonjwa una mambo machache ambayo hayabadiliki kwa jina. Maji yaliyotapikwa lazima yarudishwe kidogo kidogo na mara kwa mara, kwa maji yenye chumvi na sukari yaliyopimwa sawasawa, na kwa uji mwepesi. Damu ipimwe malaria siku ile ile. Na kipimo kikionyesha kwamba hakuna malaria, kazi ya kutafuta ndiyo kwanza imeanza. Ini lililovimba lisiongezewe mzigo wa pombe, wala wa dawa kali za miti ambazo kipimo chake hakijulikani, wala wa vidonge vya parasetamoli vilivyozidi idadi, kwa kuwa dawa hiyo ya homa ikizidi huliua ini lenyewe. Na mgonjwa ambaye macho yake yamekuwa manjano, au mkojo wake umekuwa mweusi, au anatokwa damu, au anapotewa na fahamu, au hawezi kubakiza maji tumboni, asingojeshwe nyumbani. Na mwanamke mja mzito asingojeshwe zaidi, maana virusi vya namna ya E humdhuru yeye kuliko wengine. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na jina lisilo lake ni namna mojawapo ya kuficha.

Basi historia ya majina haya yaonyesha njia mbili. Nyongo, safura na manjano ni majina ya kitu kionekanacho, na kila moja limekusanya maradhi mengi chini ya kivuli chake, likamfanya mtunzaji adhani kwamba amekwisha kujua. Mkunguru na mgunda ni majina ya mahali, nayo humlazimisha mtunzaji aulize mgonjwa alikotoka, maji aliyoyakanyaga, na mnyama aliyemshika. Waliotunga mkunguru hawakuwa na hadubini, na fikira yao ilikuwa karibu na ukweli kuliko ile ya Noguchi katika Guayaquil. Wale ambao kazi yao ni kuchagua istilahi za Kiswahili za maradhi, na ambao neno wanalolichagua litasomwa ukutani na mama wa Kivinje au mkulima wa Ruangwa mwenye mgonjwa mgongoni, wana sababu ya kulikumbuka jambo hili kila wanapokaa kulipa jina ugonjwa mpya.